Ukitoka Hapa Leo, Mimi…

Jumatatu, tarehe 4 Machi. Asubuhi ya mawingu mazito, mvua haijaamua.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono yako haijapasuka tena kwa yale maji ya dawa, na ile mashine yenu ya kupigia pasi mashuka bado inawasikiliza. Mimi ni mzima wa kutembea. Baba si mzima, na ndiyo sababu ya barua.

Naandika kwa mpangilio, unanijua. Jumatatu tarehe 12 Februari, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilisikia kikombe kimeanguka. Nilimkuta Baba ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, anavitazama vipande vya kikombe kana kwamba vimemkosea. Nikamuuliza, "Baba, umeumia?" Akasema, "Nili…" Kisha mdomo ukaenda upande. Daktari amesema ni kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havimtii. Alilazwa siku tisa, amerudi nyumbani tarehe 21.

Maneno anayo, anasema daktari, ila njia ya kutokea imebanwa. Anaanza, anafika katikati, anakwama. Ajabu ni kwamba siku za mwanzo sikushtuka sana. Mimi na wewe tumelelewa na mtu asiyemaliza sentensi. "Nikija hapo…" "Nikikukuta tena na hicho kitabu saa hizi…" Wewe ndiye uliyekuwa ukimjibu kutoka chumbani, "Njoo tu Baba, kiti kipo!" na mimi nakuziba mdomo kwa mto. Tofauti ni moja. Zamani alinyamaza kwa makusudi, akatuachia sisi tutafute mwisho. Sasa anautafuta yeye mwenyewe, jasho linamtoka, na haupati.

Ratiba yangu ni hii. Saa kumi na moja alfajiri naamka, namgeuza, namsafisha, namlisha uji, nampa dawa. Saa mbili kasoro robo jirani yetu mshonaji anakuja na vifungo vyake vya kushona, anakaa naye mpaka saa kumi. Mimi nakwenda kazini, kulekule kwenye baraza la migogoro ya kazi: spika masikioni, kanyagio la kurudisha sauti chini ya mguu, wafanyakazi na waajiri wanalaumiana ndani ya kichwa changu nami nachapa walichosema. Narudi, nampokea Baba, tunaanza upya. Usiku namgeuza mara tatu.

Ningepiga simu, lakini mimi na wewe kwenye simu tunaulizana habari za mvua, kisha mtandao unasingiziwa.

Nakuomba uje. Miaka kumi na moja ni mingi. Hatujui amebakiza siku ngapi za kuweza kukutambua. Sikuombi uje kuhamia. Njoo hata wiki mbili, ukae naye, na mimi nilale.

Ni mimi dada yako.


Jumapili, tarehe 17 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole sana, na pole kwa Baba. Hali ya hewa siandiki. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta, na ukuta haujabadilika tangu nihamie. Bado unaandika daftari lako vile vile? Kila ukurasa unaanza na mvua na kuisha na saa uliyolala, kama zamu ya mlinzi. Nilikuwa nakucheka. Siku hizi huku nikimaliza zamu najikuta nasema kwa sauti, "Nimelala saa nne na robo," halafu ndipo nalala.

Barua yako niliisomea kazini, nimekalia mzigo wa mashuka ya wodi ya wazazi ambayo hayajafuliwa. Msimamizi wetu akapita, akasema, "We mama, hiyo barua inanuka au ni mashuka?" Akaniona uso, akaenda kuniletea maji ya kunywa. Si mtu mbaya.

Lakini kuja siwezi, Dada. Likizo ninayo, nina siku ambazo sijawahi kuzigusa. Tatizo unalijua, maana wewe ndiye uliyeniletea. Siku naondoka, Baba alisimama ukumbini akasema, "Ukitoka hapa leo, mimi…" Nikangoja. Hakumalizia. Nikatoka. Ukanifuata kituoni na ule mfuko wangu wa pili, nikakuuliza, "Baba alimaliza?" Ukasema, "Amemaliza. Amesema usirudi." Ulikuwa umeukumbatia mfuko kifuani kama mtoto. Sijasahau.

Kosa langu nalijua. Alinitafutia nafasi pale karakanani, kwenye stoo, akaniombea kwa watu, na mimi nikapanga safari yangu kimya kimya, akaniona na mfuko tayari mlangoni. Aliniambia nisirudi akiwa na akili zake zote. Sasa ameugua, hawezi kuinuka, hawezi kusema, ndipo mimi nije nimsimamie kitandani, wakati hana tena hata namna ya kunifukuza? Hiyo si haki kwake. Mtu aachiwe angalau lile alilolisema.

Kama amelitengua neno lake, niandikie alivyolitengua. Ananitaja?

Mdogo wako,
Kijiko


Jumanne, tarehe 26 Machi. Jua tangu saa moja, upepo wa kurusha nguo kambani.

Mpendwa Kijiko,

Marahaba, mdogo wangu. Natumaini u mzima. Huku tunaendelea. Kidonda cha mgongoni kilichoanza kimefunga, nimekipaka dawa siku kumi na moja bila kuruka.

Jumamosi tulipata mgeni. Unamkumbuka yule fundi seremala mwenye vidole nane, aliyekuwa chini ya Baba karakanani? Kazeeka, lakini mdomo ni uleule. Hakukaa hata kwenye kiti, aliketi pembeni ya kitanda, akasema, "Mzee, mimi sikuja kukupa pole. Nimekuja unimalizie. Uliniambia, 'Hiyo randa ikiharibika tena mkononi mwako…' Nimengoja miaka kumi na tisa. Ikiharibika tena, nini?" Baba alicheka. Anacheka kwa nusu ya uso siku hizi, na ile nusu nyingine inabaki na adabu zake.

Mlangoni fundi akaniambia, "Baba yenu hakuwahi kumfukuza mtu. Hata mmoja. Angesema, 'Ukichelewa tena kesho…' basi, mtu hakulala. Kila mmoja alimalizia kwa lile analoliogopa yeye. Mimi nilikuwa naogopa kurudishwa kwetu, kwa hiyo kila siku nilikuwa narudishwa kwetu, kichwani mwangu, na jioni napokea kazi ya kesho."

Niliwaza maneno yake wakati naosha vyombo.

Umeuliza kama anakutaja. Anasema "Ki…" Kwa siku mara nyingi. Nampa kikombe, anakisukuma. Namsogezea kiti, anafumba macho. Siwezi kukuandikia zaidi ya nilichosikia.

Nimechoka, Kijiko, uchovu ambao haushuki nikikaa. Jana nilisinzia kazini na spika masikioni, kidole kikabaki juu ya herufi moja, nikachapa mstari na nusu wa "mmmmm". Mwenyekiti wa baraza akasoma, akauliza, "Huyu ni shahidi yupi?" Wote walicheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda chooni nikakaa huko dakika kumi na mbili.

Daftari za miaka ile ziko juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu. Kuhusu siku ile ya kituoni, kuna jambo ambalo… Baba ananiita, na posta wanafunga saa kumi na moja.

Ni mimi dada yako.


Jumanne, tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nashukuru kidonda kimefunga. Msalimie fundi wa vidole nane akija tena.

Barua yako nimeisoma mara tano. Wewe si mtu wa kuacha sentensi hewani. Uliwahi kunifundisha kazi yako, ile siku nilikuja kukungoja ofisini na sare ya shule, ukanivalisha zile spika. Ulisema: msemaji akinyamaza mwenyewe, weka vitone vitatu. Akikatizwa na mtu mwingine, weka kistari. Na hata kama unajua kwa hakika alitaka kusema nini, hata kama chumba kizima kinajua, usimmalizie, kwa sababu mtu anaweza kupoteza kazi yake kwa neno ambalo halikutamkwa. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nilikuona kama hakimu.

Sasa wewe umeniwekea vitone. Posta ndiyo iliyokukatiza? Ungeweka kistari.

Nikuambie kitu. Kutoka nyumbani mpaka kituoni, na kukaa pale kwenye benchi kabla hujafika, ilikuwa kama saa nzima. Muda wote huo niliimalizia ile sentensi mwenyewe. "Ukitoka hapa leo, mimi nitakaa na nani?" Nikaibadilisha. "Ukitoka hapa leo, mimi sina mtoto." Nikaogopa, nikaibadilisha tena. Kuna moja niliipenda: "Ukitoka hapa leo, mimi nakusindikiza." Nilikuwa bado naichezea hiyo nilipokuona unavuka barabara na mfuko. Nikasema moyoni, Baba yuko nyuma yake.

Halafu ukanipa jibu, na sikuwa tena na la kubadilisha. Miaka kumi na moja nimeishi na maneno mawili.

Chukua daftari la mwaka ule. Uliandika, najua. Wewe uliandika hata siku aliyofariki Mama, ukaanza na "Asubuhi ya ukungu." Ninakilie ukurasa ule neno kwa neno, kama unavyofanya kazini. Usinihurumie.

Kijiko


Jumapili, tarehe 21 Aprili. Mvua tangu alfajiri, bila radi.

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa. Isomee chumbani, si kazini.

Nanakili.

"Jumamosi, tarehe 2 Februari. Asubuhi ya baridi, anga safi. Saa tatu Kijiko ametoa mfuko mlangoni. Baba amesimama ukumbini, amevaa koti la karakanani ingawa si siku ya kazi. Amesema: Ukitoka hapa leo, mimi… Akanyamaza. Hakuna aliyemkatiza. Kijiko alisubiri, nilihesabu mpaka ishirini, akatoka. Baba ameingia chumbani kwa Kijiko, nimesikia akivuta droo. Saa tatu na nusu ametoka na ule mfuko wa kamba, ametia viatu vyake vyeusi, ametia na soksi mbili. Amesema: Mpelekee, amesahau viatu vya kazi. Hakusema kingine. Saa nne na dakika kumi, kituoni, Kijiko ameniuliza kama Baba alimaliza. Nimemwambia: Amesema usirudi. Nimelala saa kumi na moja alfajiri."

Mwisho wa kunakili. Sijabadilisha neno.

Nimeiacha nafasi hiyo hapo juu kwa sababu niliinuka nikazunguka nyumba.

Baba hakusema usirudi. Mimi ndiye niliyesema. Nimechapa maneno ya watu miaka ishirini na moja sijamuongezea mtu hata "ndiyo", na mara moja tu maishani nimemalizia sentensi ya mtu, na ilikuwa hiyo.

Umeniomba nisikuhurumie, kwa hiyo na mimi sitajihurumia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mama alipofariki nilikuwa na kumi na nane, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, na wewe ulikuwa na tisa. Nilikusuka, nilikuamsha, nilikwenda kwenye mikutano ya wazazi nikiwa mdogo kuliko walimu wote. Mwaka ule ule wa safari yako nilipata nafasi ya kusomea uwakili msaidizi, masomo ya miaka miwili, mbali. Barua ilikuwa ndani ya hilo boksi la viatu. Nilikuwa nangoja siku ya kuwaambia. Ukaondoka wewe kwanza, bila kuniambia hata mimi. Niliujua mpango wako saa moja kabla ya Baba.

Nilipokuwa navuka ile barabara, nilikuwa na mfuko wa viatu kifuani na hasira kichwani. Nilijua kitakachofuata. Utakuwa unakuja mara mbili kwa mwaka na zawadi, Baba anafurahi, mnacheka, unaondoka, na mimi nabaki kuosha vikombe. Nilitaka ubaki moja kwa moja au uende moja kwa moja. Ukaniuliza lile swali, na mdomo wangu ukajibu. Niliuona uso wako. Nilikuwa na muda wa kusema, "Hapana, natania." Kulikuwa na watu kumi na wanne kwenye foleni mbele yako. Nilikuwa na muda mwingi.

Baba alikaa miaka yote hii akidhani umemkasirikia kwa sababu ya ile stoo. Kila ilipokuja barua yako kwangu alikuwa anaita kutoka ukumbini, "Huyo, akiandika tena…" na kuacha hapo. Nilimwacha aache hapo.

Jumapili iliyopita, baada ya kumlisha, nilimuuliza. Nikasema, "Baba, siku ile Kijiko anaondoka, ulitaka kumalizia vipi?" Alielewa. Alianza kujibu kabla sijaondoa sahani, na alimaliza vyombo vimekauka. Alisema, "Si… kuwa… na… neno." Nikamuuliza, na zile nyingine zote? Nikija hapo, nikikukuta tena? Alitikisa kichwa, akatazama pembeni, kama mtu aliyekamatwa. Hakuwa nazo, Kijiko. Hakuwahi kuwa nazo.

Hiyo ndiyo kumbukumbu kamili. Msamaha nauomba, lakini sikudai jibu. Kwa Baba nakudai: njoo kwa ajili yake, hata kama mimi hutanisalimia.

Ni mimi dada yako.


Jumapili, tarehe 12 Mei. Mawingu, halafu jua, halafu mawingu.

Mpendwa Kijiko,

Natumaini u mzima. Wiki tatu sijapata barua. Nimewauliza posta kama kuna iliyopotea, dada wa pale dirishani akasema, "Dada yangu, hapa hatupotezi barua, watu ndio hawaziandiki." Nikamshukuru.

Baba nimemwambia nilichokufanyia. Nilimsomea ukurasa uleule. Alitoa mkono wa kushoto chini ya shuka, nikadhani ananitaka nisogee. Akageukia ukutani. Siku mbili alikubali uji kwa mshonaji tu, kwangu alifunga mdomo. Siku ya tatu alikula.

Mshonaji amepata kazi ya sare za shule nzima, hataweza kuja kuanzia mwezi ujao. Nimeomba baraza niwe nachapia nyumbani. Wamesema watafikiria.

Kama umeikasirikia barua yangu, niandikie hata hasira yenyewe. Nitaisoma yote.

Ni mimi dada yako.


Ijumaa, tarehe 31 Mei.

Kijiko,

Hali ya hewa sikutazama.

Tangu Jumatano Baba hasemi tena "Ki…" Hajasema chochote. Anafuata kwa macho tu. Daktari anasema inaweza kurudi, inaweza isirudi.

Mshonaji amekaa leo kwa mara ya mwisho. Kuanzia Jumatatu niko peke yangu, nimechukua likizo yangu ya mwaka. Ikiisha sijui.

Siwezi kuandika ndefu. Kalamu inaanguka. Natumaini u mzima.

Dada yako.


Jumamosi, tarehe 8 Juni. Asubuhi ya mawingu, jua limetoka saa nne. Nimeliona mwenyewe nikitembea kutoka kituoni.

Dada,

Shikamoo, ingawa nimekuamkia na hukuitikia. Naandika kwenye daftari lako, ukurasa wa leo, kwa sababu ulikuwa mweupe. Kurasa nyingine sijafungua. Nimeona tu kwamba tangu Jumatatu hujaandika, nikaona si vizuri siku ipite hivi hivi.

Kwa mpangilio, basi.

Saa tano kasoro nimegonga. Umefungua ukiwa na beseni. Umenitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, ukasema, "Umekula?" Nikasema, "Bado nimekasirika." Ukasema, "Najua. Lakini umekula?" Nikasema sijala. Ukaenda kuchemsha maji ya chai ukasahau kuwasha jiko. Tumekaa wote wawili tunaingoja sufuria ile kama dakika ishirini, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Barua zako za karibuni sikuzijibu kwa sababu kila nilipoanza nilifika katikati. Nimeanza tisa. Wiki ya kwanza nilikasirika kwa lile neno ulilonipa. Wiki ya pili nilikasirika kwa ajili ya viatu. Miaka kumi na moja nilijua ule mfuko umenifungia wewe. Ningejua ni Baba, ameingia chumbani kwangu, amevuta droo, ametafuta soksi, ningerudi kwa miguu. Wiki ya tatu nikaikumbuka ile barua ya masomo iliyokaa kwenye boksi, nikataka kukuonea huruma, nikakasirika zaidi kwa sababu hiyo. Ile ya tarehe 31, isiyo na mvua wala jua, ndiyo iliyoniinua. Niliisoma nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Akahesabu siku zangu. Miezi miwili na siku nne. Akasema, "We mama, ulikuwa unazitunza za nini?"

Sijakusamehe. Nakuambia wazi ili usikae unakisia. Huenda nitakusamehe, siwezi kukupa tarehe. Lakini hiyo hasira nitakuwa nayo humu humu ndani, na ratiba nimeisoma ukutani, na kumgeuza mtu mzima najua, tunafundishwa wote pale hospitali hata wa kufua. Hayo mashuka yako unayakunja vibaya kwenye pembe. Nimeyarudia yote.

Sasa la Baba. Uliponiingiza chumbani alikuwa amelala, ukaniambia nikae, unakwenda kubadilisha viatu, dakika tano. Hukurudi. Nilipochungulia ulikuwa umejilaza upande upande, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilikivua kilichobaki. Hukusikia.

Saa tisa kasoro Baba amefumbua macho. Nilikuwa nakunja shuka. Alinitazama mpaka nikamaliza pembe zote nne. Akafungua mdomo, akasema "Ma…" akakwama, uso ukamwiva, nikamwinua kichwa nikampa maji, akanywa nusu glasi. Nikaketi. Nikamwonyesha miguu yangu. Nimevaa vile vyeusi. Nimevibadilisha soli mara tatu, fundi wa kule anasema vilivyobaki ni kamba na ukaidi. Baba alivitazama muda mrefu sana. Kisha akainua kidole cha mkono wa kushoto, kile cha kutuonya, akasema, polepole lakini yote yametoka: "Ukiondoka tena…"

Akanyamaza.

Hakukwama, Dada. Kukwama nilikuwa nimekuona muda mfupi tu kabla ya hapo, kuna jasho. Hapa hakukuwa na jasho. Aliishikilia pale pale, kidole juu, jicho linanitazama kama linangoja kuona nitatia nini.

Nikamwambia, "Nikiondoka tena nini, Baba? Kiti kipo, nimekikalia."

Amecheka. Nusu uso.

Nimeweka vitone vitatu kwa sababu amenyamaza mwenyewe. Sikummalizia. Nawe ukiamka usimmalizie, wala usiniulize nilidhani ni nini. Dawa ya saa kumi nitampa mimi, ya jioni nitampa mimi, na usiku nitamgeuza mimi. Nimeufunga mlango wako kwa nje ili paka wa jirani asiingie, ukitaka kutoka gonga.

Mdogo wako,
Kijiko

Umelala saa nane na dakika kumi mchana.